Cheti cha unukuzi wa kitabibu kwa milioni tatu: nilipe au nisubiri?

*"Nina miaka 29, naishi Isevya, Tabora. Nilisoma uhazili hapahapa mjini na nachapa maneno 65 kwa dakika. Huu ni mwezi wa 14 nafanya kazi nyumbani ya kunukuu sauti za madaktari wa mifupa walioko Marekani, napewa kazi na wakala. Nalipwa senti mbili za dola kwa mstari, na kwa siku natoa mistari kama 400. Kila nikiomba kuongezewa naambiwa 'huna cheti'. Nimepata chuo cha mtandaoni kinachofundisha miezi minne na kukuandaa kwa mtihani wa Marekani. Ada na mtihani ni kama shilingi milioni tatu. Kikoba chetu kinaweza kunikopesha kwa riba ya asilimia 10, nirudishe ndani ya mwaka. Mume wangu anasema ni pesa ya kutupa, kompyuta siku hizi zinaandika zenyewe. Kaka yangu anasema nikiwa na cheti cha Marekani hata hospitali ya Kitete wataniajiri. Nani yuko sahihi? Halafu kuna jambo dogo: usiku vidole vya mkono wa kulia vinakufa ganzi."*

Dada yangu, hilo la vidole si dogo. Nimeliweka mwisho kwa sababu linahitaji nafasi yake, lakini kama huna muda wa kusoma yote, anza na huko.

Nimefanya kazi hii ya unukuzi miaka mingi, kwanza nikiwa Kigoma, na sasa nawafundisha wengine. Nimesoma swali lako mara tatu, na naona limebeba maswali mawili. Moja ni kama cheti kina thamani. La pili ni kama kina thamani kwako, mwaka huu, kwa mkopo wa kikoba. La kwanza jibu lake ni ndiyo, kina thamani kwa watu fulani. La pili jibu langu ni hapana, bado. Acha nikueleze nimefikaje hapo, kisha uamue mwenyewe.

Tuanze na neno lenyewe "cheti", maana hapa ndipo wengi wanapoliwa pesa. Kuna cheti cha kumaliza kozi: chuo kinakufundisha, kinakutahini chenyewe, kinakupa karatasi. Na kuna cheti cha taaluma, ambacho unakipata kwa kufaulu mtihani wa chombo kisichokuwa chuo chako. Katika fani yetu, vyeti vinavyojulikana zaidi ni vile vilivyojengwa na chama cha Marekani kilichoanzishwa mwaka 1978, ambacho mwaka 2007 kilichukua jina la Association for Healthcare Documentation Integrity. Vina ngazi mbili. RHDS ni kwa aliyehitimu karibuni au aliyefanya kazi kwenye idara chache. CHDS ni kwa mzoefu, na kinadai uzoefu wa miaka miwili wa kazi za hospitali zenye wagonjwa wa kulazwa, zenye idara mchanganyiko. Wewe una miezi 14, na yote ni mifupa. Kwa hiyo chuo kikikuahidi CHDS ndani ya miezi minne, kinakuahidi kitu ambacho hakiko mikononi mwake.

Cheti hicho pia si leseni. Hakuna jimbo la Marekani linalomlazimisha mnukuzi kuwa na leseni, kama linavyomlazimisha muuguzi au mfamasia. Mtihani ni wa hiari. Wakala anaposema "huna cheti" hakuelekezi kwenye sheria yoyote. Anakueleza masharti yake, au masharti ya mteja wake, au anatafuta tu neno la kumaliza mazungumzo. Huwezi kujua ni lipi kati ya hayo mpaka umuulize, na kumuuliza hakugharimu chochote.

Mwandikie barua pepe fupi, kwa heshima, yenye swali moja tu: nikifaulu mtihani wa RHDS, malipo yangu kwa mstari yatakuwa kiasi gani, na yataanza mwezi gani? Akikujibu kwa namba, una kitu cha kupigia hesabu. Akikujibu kwa maneno ya "tutaangalia", basi cheti hicho kwake hakina bei, na wewe usikilipie bei.

Nasema haya kwa sababu nimeyapitia. Miaka ya mwanzo nililipa kozi ya chuo kimoja cha mtandaoni kwa pesa ya mawese ya mama yangu, madumu aliyoyauza msimu mzima. Nilipata karatasi nzuri yenye muhuri wa dhahabu. Nilipoomba kazi, mteja wa kwanza hakuifungua kabisa. Alinitumia faili la sauti la dakika kumi na kusema nimrudishie baada ya saa moja. Mama hakuwahi kunilaumu, lakini ile pesa mpaka leo naikumbuka kwa idadi ya madumu.

Sasa hesabu. Mstari katika kazi hii, kama unavyojua, kwa desturi ni herufi 65 pamoja na nafasi, si mstari unaouona kwenye kioo. Mistari 400 kwa siku 22 ni mistari 8,800 kwa mwezi. Kwa senti mbili ni dola 176. Tukiichukulia dola kuwa shilingi 2,500 ili hesabu iwe nyepesi, unaingiza shilingi 440,000. Tuseme cheti kinakuongezea nusu senti kwa mstari, nyongeza ambayo wengi wangeifurahia. Hiyo ni dola 44 kwa mwezi, yaani shilingi 110,000. Deni lako na riba ni 3,300,000. Gawanya: miezi 30.

Miezi 30 ya kurudisha tu ulichokopa. Na cheti chenyewe kina uhai wa miaka mitatu, baada ya hapo unatakiwa uonyeshe masomo ya kujiendeleza na kulipia upya. Unabakiwa na miezi sita ya faida, shilingi 660,000, kabla hujatoa saa ulizosoma badala ya kuchapa. Halafu kikoba hakitakusubiri miezi 30. Kinataka chake ndani ya mwaka, maana yake shilingi 275,000 kila mwezi kutoka kwenye hizohizo 440,000, wakati nyongeza bado haijaingia. Kina mama wenzako kwenye kikoba ni majirani. Ukishindwa rejesho la mwezi wa tano, unapungukiwa na zaidi ya pesa.

Mume wako, basi? Yuko sahihi nusu, na hiyo nusu ni nzito. Programu za kutambua sauti zimekuwa nzuri sana. Microsoft ilikamilisha kuinunua Nuance, kampuni kubwa ya programu za imla za madaktari, mwaka 2022, na siku hizi kuna mifumo inayosikiliza mazungumzo ya daktari na mgonjwa chumbani na kuandika rasimu yenyewe. Idara ya kazi ya Marekani inatabiri kwamba ajira za wanukuzi wa kitabibu nchini mwao zitaendelea kupungua. Kazi nyingi zinazobaki ni za kuhariri kile mashine ilichoandika, na uhariri hulipwa kidogo kwa mstari, mara nyingi karibu nusu ya unukuzi. Mtu anayekopa milioni tatu kuingia kwenye soko linalopungua lazima ayajue haya kabla ya kusaini.

Nusu asiyoiona mume wako ni hii. Mashine haisikii kama unavyosikia wewe. Inachagua maneno yanayoelekea kufuatana, kutokana na mamilioni ya sentensi ilizokwisha kupitia. Ikikwama haiachi pengo, inaweka neno linalofaa kisarufi. Ndiyo maana makosa yake ni laini, hayakwaruzi jicho. Mchapaji mchovu akikosea utaona neno limekatika. Mashine ikikosea unapata sentensi safi yenye uongo ndani.

Nakumbuka rasimu moja niliyopewa kuhariri. Mgonjwa ana shinikizo la damu 180 kwa 110, daktari anaongea huku anatafuna kitu, na mashine imeandika kwamba ameanzishiwa hydroxyzine. Neno limeandikwa sawasawa, kipimo kinaeleweka, sentensi imenyooka. Lakini hydroxyzine ni dawa ya muwasho na wasiwasi. Ya presha ni hydralazine. Nilirudisha sauti nyuma mara nne na bado sikuwa na uhakika wa asilimia mia, kwa hiyo nikafanya tulichofundishwa: niliacha pengo, nikaandika saa na dakika ya sauti, nikaweka alama daktari athibitishe. Alithibitisha hydralazine. Hakuna mashine iliyojua kwamba inapaswa kuwa na shaka pale.

Wewe kwenye mifupa unakutana na ndugu zake kila siku. Ilium ni mfupa wa nyonga na ileum ni sehemu ya utumbo mdogo, na mdomoni zinatamkwa sawa. Abduction na adduction zinatofautiana kwa herufi moja, moja mguu unakwenda nje na nyingine unarudi ndani, ndiyo maana madaktari waangalifu husema "a-b" na "a-d" kabla ya kumalizia neno. Kumi na tano na hamsini kwa Kiingereza zinakaribiana mno masikioni. Goti la kushoto linakuwa la kulia katikati ya ripoti kwa sababu daktari mwenyewe kachanganya. Na sifuri: tangu 2004 shirika la Joint Commission, linalokagua hospitali za Marekani, linakataza kuandika 1.0 mg, kwa sababu nukta ikififia mtu anasoma 10 na mgonjwa anapewa dawa mara kumi. Mnukuzi anayelinda nukta hiyo anamlinda binadamu ambaye hatamwona maisha yake yote. Naipenda kazi hii kwa sababu hiyo hasa.

Kwa hiyo ujuzi unaouzwa leo umehama. Vidole vyepesi havitoshi tena, kinachotafutwa ni sikio lenye shaka na kichwa chenye tiba ya kutosha kujua shaka hiyo iangukie wapi. Mtihani wa RHDS unapima sehemu ya hayo, istilahi, dawa, anatomia, kusikiliza na kusahihisha, na anayejiandaa kwa dhati hutoka akiwa bora. Siudharau hata kidogo. Ninachosema ni kwamba maandalizi na karatasi vinaweza kutenganishwa, na maandalizi unaweza kuyaanza kesho bila mkopo.

Yaanze hivi. Kila Jumamosi chukua mafaili matano uliyokwisha kuyatuma wiki hiyo, kama mkataba wako unakuruhusu kubaki nayo. Kama haukuruhusu, mwombe wakala ripoti zako za ukaguzi. Sikiliza upya ukiwa umepumzika, hesabu makosa, na uyatenge: yale ya nukta na herufi, na yale ambayo yangebadilisha matibabu. Kiwango cha fani ni usahihi wa asilimia 98 au zaidi, na kosa la dawa au la upande wa mwili huhesabiwa zito kuliko nukta. Andika kwenye daftari. Baada ya miezi mitatu utakuwa na kitu ambacho wakala hawezi kukijibu kwa "huna cheti", yaani rekodi yako mwenyewe. Mwombe papo hapo akupe mafaili ya idara nyingine, dharura, moyo, upasuaji wa kawaida, hata kama ni machache na yanakuchelewesha. Ukifungwa kwenye mifupa peke yake huwezi kufikia ngazi ya juu kwa cheti chochote. Kwa istilahi tumia MedlinePlus na DailyMed za Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani, ni bure, na majina ya dawa yako humo kama yalivyo kwenye vibandiko vyake.

Cheti kitakufaa lini? Siku wakala au mteja atakapokuandikia nyongeza kwa namba, au siku utakapotaka kuacha kunukuu na kuwa mkaguzi wa kazi za wenzako, maana huko vyeti huulizwa kweli. Na ukifika hapo, lipa kwa akiba, si kwa deni. Kabla hujakipa chuo hata shilingi, wasiliana moja kwa moja na wanaotoa mtihani: je, uko wazi sasa, mtahiniwa aliyeko Tanzania anaruhusiwa, unasimamiwa vipi, na ada yake peke yake ni kiasi gani? Huenda ukagundua kwamba sehemu kubwa ya milioni tatu ni ya chuo, wala mtihani wenyewe haudai upitie chuo hicho.

Sasa kaka yako, na hapa nisingependa ujenge matumaini juu ya mchanga. Kitete ni hospitali ya serikali. Madaktari wetu huandika wenyewe kwenye faili au huingiza kwenye mfumo wa hospitali, hawarekodi imla ili mtu mwingine achape, kwa hiyo nafasi ya mnukuzi wa kitabibu haipo ya kuombwa. Ajira za serikali hupitia Sekretarieti ya Ajira, nazo huangalia vyeti vya vyuo vinavyotambuliwa hapa nchini. Cheti kinachosomeka huko unacho tayari. Ni kile cha uhazili, kinachokuelekeza kwenye nafasi ya Mwandishi Mwendesha Ofisi. Kama ndoto yako ya kweli ni kufanya kazi kwenye majengo ya Kitete, nenda Chuo cha Utumishi wa Umma tawi la Tabora, ambacho wazee wa hapo bado wanakiita Chuo cha Uhazili, na uulize dirishani kuhusu utunzaji wa kumbukumbu na kama masomo yako ya awali yanahesabiwa. Nenda kwa miguu yako, na vyeti vyako halisi mkononi. Mambo ya sifa za kujiunga hayamalizwi kwa kuandikiana.

Kuna soko jingine ambalo sijaona umelitaja, nami nalipenda kwako kuliko yote. Watafiti wa afya nchini hurekodi mahojiano mengi kwa Kiswahili, na kwa lugha za nyumbani pia, halafu wanahitaji mtu wa kuyanukuu neno kwa neno na mara nyingi kuyafasiri kwa Kiingereza. Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu ina kituo hapo hapo Tabora. Mama wa Sikonge anapoeleza homa ya mtoto wake kwa Kinyamwezi kilichochanganyika na Kiswahili, mashine ya Marekani haina la kusema, lakini wewe unamwelewa hata anaposita. Kazi hizo ni za msimu, hazina uhakika wa mshahara, na si kila mradi unalipa vizuri. Ila ushindani ni mdogo, na hakuna atakayekuuliza RHDS. Watakachokuuliza ni sampuli ya kazi na usiri.

Usiri usiuchukulie kama jambo la kusaini tu. Sauti za Marekani zinalindwa na sheria yao ya HIPAA ya mwaka 1996, na za hapa zinaguswa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Kompyuta yako iwe na nywila isiyojulikana na watoto, mafaili yasipite WhatsApp, na usifanyie kazi kwenye kafe ya intaneti hata umeme ukikatika. Kama mkataba wa wakala una kifungu kinachokutwika faini usiyoielewa, mpelekee mwanasheria ofisini aukague kabla ya kuendelea.

Haya, vidole. Hujaniambia ni vipi, kwa hiyo angalia leo usiku. Kama ganzi iko kwenye dole gumba, cha shahada, cha kati na nusu ya cha pete, na unajikuta ukikung'uta mkono ili upate nafuu, hiyo inafanana sana na kubanwa kwa mshipa wa fahamu unaopita ndani ya kifundo cha mkono. Njia yake ni nyembamba kama mrija. Kifundo kikikaa kimekunjwa saa nyingi, au tishu zikivimba, mshipa unabanwa, na usiku unalala umekikunja bila kujua, ndipo ganzi inakuja. Ikianzia kidole kidogo, huenda tatizo liko kwenye kiwiko. Mimi ni mnukuzi, si tabibu, na hili halipimwi kwa maandishi. Nenda Kitete, mweleze daktari kazi unayofanya na saa unazochapa, na usisahau kumwambia kama u mjamzito au una kisukari, maana yote mawili huongeza tatizo hili. Ukianza kuangusha vikombe, au ukiona nyama chini ya dole gumba imepungua, usisubiri mwisho wa mwezi.

Kwa sasa shusha kibodi mpaka kifundo kinyooke sawa na kiganja, na simama kila baada ya nusu saa. Kanyagio la mguu la kusimamisha na kurudisha sauti litakupunguzia mamia ya mibonyezo kwa siku. Kama huna, hicho ndicho kitu cha kwanza ambacho ningekushauri ununue, kabla ya kozi yoyote, na hakihitaji kikoba.